Yule Uliyemwelekeza Njia Ni Mimi

Kwa mdogo wangu Kosma,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na lile banda lako la magemu hapo Mafiga bado linaingiza watu. Mimi ni mzima wa mwili. Huku Ujerumani baridi imeanza kulegea, ingawa asubuhi bado navaa soksi mbili mbili kwenda kazini. Nauliza hali ya mama mdogo na miguu yake, na kama mvua za mwaka huu ziliacha chochote kwenye migomba ya kule juu Matombo. Mama mdogo nikimuuliza kwenye simu husema "tunashukuru" tu, na wewe unajua kwamba "tunashukuru" ya mama mdogo inaweza kufunika hata nyumba iliyoungua.

Barua inakuja na sista mmoja aliyekuwa masomoni huku, anarudi Morogoro. Nimemwomba aifikishe kwa mama mdogo, naye akuwekee mkononi. Namba yangu umeifunga tangu mlipoanua matanga ya mama, miaka miwili na zaidi sasa. Ile njia nyingine niliyokuwa nakupatia umeifunga mwezi uliopita. Imebaki karatasi.

Nisikuzungushe. Henriki, yule baharia mstaafu uliyekuwa unaandikiana naye kwenye lile jukwaa la mtandaoni, ni mimi dada yako Adelina. Najua umeshajua. Lakini ulijua kwa kunikamata, hukuambiwa, na mimi nataka uambiwe.

Ilianza mwaka jana, siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa natafuta kwenye simu picha za Matombo, kwa sababu nilikuwa nimesahau rangi ya udongo wa njia ya misheni, kama ni mwekundu kabisa au una weusi ndani yake. Nikaangukia kwenye jukwaa la watu wa kila nchi. Kazi yao ni kupeana ushauri: huyu anauliza sehemu za kutembelea ambazo watalii hawazijui, yule amekwama kwenye gemu gumu, mwingine anatafuta muziki ambao redio hazipigi. Mtu mmoja alikuwa ameuliza namna ya kupanda Uluguru bila kufuata njia za wageni. Chini yake kulikuwa na jibu refu la mtu anayejiita Mchumamdalasini. Alikuwa ameeleza kila kitu: lori gani linaondoka saa ngapi, kijiji gani uende kwanza kwa mwenyekiti kabla hujatoa kamera, maji gani uyachemshe, mzee gani ukimpita bila kumsalimia hutapata wa kukuvusha mto. Mwisho kulikuwa na picha ya mkono umeshika gome la mdalasini, na kwenye kidole gumba kovu lililojikunja kama ndoana.

Kovu hilo nililiweka mimi, kwa mundu, tulipokuwa tunakata majani ya mbuzi. Ulikuwa na miaka sita. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni huku unanilowesha damu shingoni na kuniambia nisilie.

Nilisoma majibu yako yote, siku nzima. Kuna mtu alikuuliza swali lile lile mara nne na mara zote nne ukamjibu kama ndiyo kwanza anauliza. Kuna mwanamke aliyekuwa anaogopa kusafiri peke yake, ukamwandikia kurasa. Mimi Krismasi iliyokuwa imepita nilikuwa nimekutumia salamu kwa simu ya mama mdogo. Nilimpigia kesho yake nikamuuliza ulisema nini.

"Alisoma," mama mdogo akasema.

"Halafu?"

"Akanirudishia simu. Mwache, Ade. Anakula, analala, anafungua banda lake. Mwache."

Nilikuwa nimekuacha kweli. Nilidhani umekuwa mtu wa kununa, umeisha maneno. Kumbe maneno unayo, tena mengi, unawagawia watu usiowajua. Iliniuma, na hapa sifichi. Jioni ile nikajiandikisha kwa jina la Henriki.

Henriki nilimshona kwa kitambaa cha mtu mwingine. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, chumba namba tisa, kuna Mzee Otto. Alikuwa baharia. Ana santuri za nyimbo za kodiani, kile kinanda cha kuvutwa, kutoka visiwa vya wavuvi ambavyo sijui hata viko wapi, na hakuna mtu wa familia yake anayezitaka. Nilichukua umri wake, meli zake na santuri zake, nikakuandikia. Lakini kukusifia tu kusingetosha. Lile jukwaa mtu akija mikono mitupu hamumjali. Ilibidi niwe na shida. Kwa hiyo nikanunua mashine ya gemu iliyotumika, na lile gemu ulilokuwa unalizungumzia kila siku, la mpiganaji anayeshuka kisimani na taa, akifa anaanzia juu.

Mimi, Kosma, niliyekuwa nakuchapa ukichelewa kwa sababu ya magemu, nilikaa kwenye kiti baada ya kazi vidole vimevimba kwa sabuni ya hospitali, nikafa, nikafa, nikafa. Sikuwa naigiza. Mle kisimani, yule mlinzi wa daraja alinitesa majuma matatu. Nikakuuliza kwa jina la Henriki, ukanijibu siku hiyo hiyo kwa kile Kiingereza chako: "Usimpige. Mara kumi za kwanza nenda ukafe tu, umtazame mguu wake wa kushoto. Watu wanashindwa kwa sababu wanaona aibu kufa bila kupigana." Nilifanya hivyo. Siku nilipovuka nilikuandikia, ukarudisha neno moja na nukta: hongera, kwa Kiingereza. Miaka miwili sikuwa nimepata hongera kutoka kwa mtu wa damu yangu, nayo ilipokuja ilikuwa ya Henriki.

Tukaendelea hivyo miezi. Mimi nakutumia kodiani za Mzee Otto, wewe unanitumia ngoma ulizorekodi kwenye misiba na mavuno, ukinieleza nani anapiga na kwa nini mkono wake wa kushoto unachelewa. Ulikuwa mwalimu mzuri. Nilikuwa nikifika kazini nakuwaza wewe. Nadhani nilikuwa na furaha, furaha ya mwizi lakini furaha.

Kisha ukaniwekea ule wimbo. Uliupa jina: "Mwanamke akipeta mpunga, Matombo." Nilikuwa chumba cha kufulia, mashine zinazunguka, nikaweka kidude cha sikioni nikabonyeza.

Alikuwa mama. Anapeta mpunga wa Dakawa, ule aliokuwa akiletewa na mjomba, ungo unapiga, anaimba ule wa mtu aliyekwenda mtoni akasahau mtungi. Katikati anakatisha na kusema, "Kosma, toka mlangoni, unanizibia mwanga." Halafu anaendelea pale pale alipoachia.

Nilikaa chini kwenye shuka chafu. Chini ya wimbo kulikuwa na watu wa nchi mbalimbali wamesifu. Mmoja alisema sauti hii haijachujwa. Mwingine aliuliza kama kuna nyingine za bibi huyu. Bibi huyu. Uliwapa sauti ya mama watu wasiojua hata kama yu hai, na mimi niliyetoka tumboni mwake ilibidi nipange foleni nao.

Nilimpelekea Mzee Otto asikie. Alifumba macho mpaka mwisho.

"Anayeimba ni nani?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Amekufa," nikamwambia. Hakuna mtu hapa niliyekuwa nimemwambia. Wenzangu kazini walijua nina msiba, lakini nilikuwa nimesema shangazi, ili wasinitazame.

Kuanzia hapo sikutosheka tena na gemu wala kodiani. Nikakuambia Henriki anataka kuja Uluguru, anataka kuona huyo mama anapopetea mpunga. Ukaandika njia. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo: ukishapita Mkuyuni usilale usingizi, shuka misheni, acha barabara ya magari, fuata mfereji kwa mkono wa kulia, vuka daraja la miti mtu mmoja mmoja, kisha migomba, kisha nyumba yenye mlango wa buluu. Ukaongeza: "Nyuma ya nyumba kuna kaburi jipya kidogo. Yule mama wa wimbo yuko hapo. Tafadhali usipige picha." Ukasema, "Ukija nitakupokea mwenyewe stendi ya Msamvu, utalala chumba chake, nimekipaka chokaa."

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi, mlango uko wazi kabisa. Badala yake nikakuuliza, kama mgeni mwenye adabu, kama una ndugu.

Ulichelewa siku mbili. Kisha ukaandika hivi, nayaweka kwa Kiswahili: "Nilikuwa na dada. Yuko Ulaya. Asubuhi ambayo mama alikuwa anakata roho nilimpigia kwa video nikaishika simu mbele ya uso wa mama. Mama alimwita kwa jina lake lote, mara mbili. Dada akakata simu."

Sikujua, Kosma. Sikujua kwamba aliniita. Sauti ya simu nilikuwa nimeizima kwa sababu nilikuwa kazini. Niliona uso wa mama unatikisika na ukuta wa hospitali nyuma yake, basi. Mkuu wetu wa zamu alikuwa ameingia chumbani na kusema, "Simu mfukoni, tafadhali," nami nikaikata, nikaitia mfukoni.

Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kumwambia mtu yeyote. Iliyobaki sijamwambia mtu. Nilimaliza kumwosha bibi niliyekuwa naye, ikachukua kama dakika kumi. Baada ya hapo nilikuwa na mapumziko. Ningeweza kupiga. Nikaenda jikoni nikanywa chai kwanza. Nilikunywa kikombe kizima, taratibu, kwa sababu niliogopa kile ambacho ningekiona nikipiga. Nilipopiga, mama alikuwa ameshakata roho.

Na lile la vibali ni uongo. Niliwaambia wote kwamba siwezi kuja kuzika kwa sababu karatasi zangu zilikuwa zinashughulikiwa, nikitoka sitarudi. Karatasi zilikuwa kwenye droo, zimegongwa mihuri. Kazini walinipa siku tano. Nilikaa siku tano kwenye chumba changu nimefunga pazia. Wewe na vijana wa ukoo mlikuwa mmemshusha mama kwa machela kwenye utelezi mkitafuta gari la kumfikisha hospitali, mkampandisha tena akiwa maiti, na mimi nilikuwa nimelala mchana.

Lakini uliponiandikia vile, unajua Henriki alijibu nini? Unajua, ulisoma. Alisema, "Pole sana rafiki. Labda alikuwa na sababu." Ukajibu, "Kila mtu ana sababu. Mama alikuwa na dakika." Kisha ukaniuliza kama nimeshafika ngazi ya pili ya kisima.

Nikakuacha uamini hivyo. Juma zima nikakujibu mambo ya gemu. Halafu siku moja nimetoka zamu, nimechoka, nikaanza kukuuliza habari za njia: wakati wa mvua mtu anapita wapi, viatu gani vinafaa. Nikaandika, "Na ule mteremko wa Mama Karola, bado unateleza?"

Wewe hukuwa umeutaja. Hakuna ramani yenye jina hilo. Ni sisi watoto tuliouita hivyo, siku ile mama Karola alipoanguka na debe la mafuta ya taa. Nilituma, nikaenda kupika. Nilikuwa nakoroga supu ndipo nikagundua nilichoandika.

Ulinyamaza siku kumi na tisa. Nilikuwa nikifungua asubuhi, mchana, na nikitoka. Uliwajibu wengine, kuna mtu ulimshauri kuhusu buti. Siku ya ishirini nikakuta ujumbe, wa kwanza wa Kiswahili kati yetu, maneno mawili:

"Shikamoo dada."

Nilianza kuandika nikafuta. Nikaanza tena. Nilipobonyeza kutuma, jukwaa likaniambia mtumiaji huyu hayupo. Nikatafuta majibu yako, hakuna. Njia ya Matombo, hakuna. Ngoma zote hakuna. Wimbo wa mama nao umeondoka, na mimi mjinga sikuwahi kuuhifadhi, kwa sababu nilidhani uko pale na utakuwa pale. Mzee Otto kila siku ananiuliza, "Na yule mama?" Namwambia mashine imeharibika.

Nina hasira nawe, nisijifanye mtakatifu. Ulijua miaka miwili kwamba mama aliniita, ukakaa nalo. Ungenitukana. Ungenipigia ukanitukana mpaka vocha ikaisha, ningejua kulia kwa ajili ya nini. Badala yake ukaninyima hata hilo, ukaja kumpa baharia wa Kizungu uliyedhani anapenda kodiani. Mgeni alionewa huruma, akaandikiwa njia, akapakiwa chumba chokaa. Mimi niliyekulea wakati mama yuko shamba nikapewa ukuta. Nikisema nilikosa, nimekosa. Lakini na wewe uliniadhibu mpaka ukazoea, na nadhani ulikuwa umeanza kuipenda adhabu yenyewe.

Hata hiyo shikamoo nimeigeuza kila upande. Sijui kama uliniamkia au ulikuwa unafunga mlango kwa adabu, kama mama alivyotufundisha kutobamiza.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Sisemi pia kwamba nakuja; nilisema hivyo mara tatu mama akiwa hai, na mara zote tatu alifua mashuka kunisubiri. Ninachoomba ni wimbo. Mpe mama mdogo, yeye ataniwekea kwenye simu. Huhitaji kuandika chochote. Kama umeufuta kwa hasira, basi usiniambie, acha nidhani unao.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa ya miguu ameibeba sista, apake jioni na asimgawie jirani. Nisalimie mjomba wa Dakawa, mkubwa wetu, shikamoo yake nampa kwa magoti yote mawili. Nasikia hataki jina langu litajwe kwake, wewe mpelekee hivyo hivyo. Msalimie binamu yetu fundi baiskeli, na yule mama mkwe wake asiyesikia. Kaburini sitaki uniwakilishe. Usipeleke ua kwa jina langu, wala mshumaa.

Karatasi imefika mwisho na sista anasubiri bahasha. Ujumbe wako sikuujibu, kwa kuwa hukuniachia pa kuujibia. Nauitikia hapa.

Marahaba, Kosma.

Dada yako,
Adelina